Barua ya Ukurasa Mmoja

Jumapili, 12 Oktoba
Tumetoka kanisani. Nimepika chai nikakaa kumwandikia barua Wambui, msichana wangu. Nimeanza na salamu, vile mama yangu, huyu Cucu wa watoto, alikuwa anaandikiwa barua zake. Cucu wako anakusalimia, magoti yana nafuu. Kamau ndugu yako anakusalimia, ameng'oka jino. Mama Achieng wa mlango wa pili anakusalimia. Kuku wako mweupe ni mzima, anataga. Mimi mama yako niko salama, sijui wewe.
Mkono umechoka. Yaliyobaki kesho.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekata maua mekundu siku nzima kwa shamba la kampuni. Mwiba umeingia kidole cha kuandikia.
Naogopa. Shule yake kule Nakuru imesema kila mzazi wa Form Four aandike barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja. Tuwape watoto Jumamosi, siku ya maombi, kabla mtihani uanze. Mimi niliachia darasa la tatu. Ngumbaru, lile darasa la watu wazima pale kanisani, nimeanza mwaka huu tu. Mwalimu alisema tuandike kitu kila siku. Ndiyo hili daftari.

Jumatano, 15 Oktoba
Hapa niandike ukweli, hakuna mtu anasoma.
Agosti nilimwambia Wambui, hata usome namna gani utarudi tu kwa maua kama mimi. Nilikuwa nimechoka. Hasira ilikuwa ya supavaiza, ikamwangukia mtoto. Akarudi shule bila kuniaga. Mpaka leo hajapiga simu.
Nilidhani neno la mdomo linapita. Hilo halikupita.
Nataka kuandika nisamehe. Neno moja. Mbona kuku amekuwa rahisi kuliko hilo?

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimeharibu. Salamu zimejaza ukurasa mpaka mstari wa mwisho.
Mama Achieng amesoma, akacheka mpaka akashika mlango. "Mama Wambui, hii ni barua ama unaita rejista?" Nikacheka. Halafu nikalia. Akasema aniandikie upya, mwandiko wake ni safi. Nimekataa. Na mimi kuanza upya ni siku nne, nimebaki na moja.
Sasa najua nilikuwa najificha ndani ya salamu.
Nimegeuza karatasi ikalala ubavu, nikaandika pembeni, kutoka chini kwenda juu. Wambui, neno la Agosti lilikuwa baya na ni uongo. Nisamehe. Nitumie jibu haraka.
Jasho kama nimelima.

Jumamosi, 18 Oktoba
Shuleni Nakuru, watoto mbele, wazazi nyuma. Mchungaji akaomba, watoto wakapewa barua zetu wafungue. Wengine walimaliza upesi. Wangu polepole. Nikaona mabega yanacheka, nikajua amefika kwa kuku.
Halafu akageuza karatasi.
Nilishika benchi. Hakuangalia nyuma. Alifunika uso na barua yangu, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.
Nje akanijia. "Mum, ni wewe umeandika?" Nikasema ni mimi. "Hata herufi zinatembea kama wewe, mbio mbio." Akanikumbatia shingo, akanibana sana. Ya Agosti hatukutaja. Nimerudi kwetu Karagita bila kujua kama nimesamehewa. Lakini amenishika.

Jumapili, 19 Oktoba
Natafuta sadaka kwa mkoba, nikapata karatasi imekunjwa. Wambui aliiweka saa gani? Labda tukiwa foleni ya chakula.
Nimesoma mwenyewe, na kidole, sikumpa Mama Achieng. Nasalimia Cucu na magoti yake. Nasalimia Kamau na pengo lake. Nasalimia Mama Achieng. Nasalimia kuku wangu, msimchinje. Halafu pembeni, kutoka chini kwenda juu: Mum, nimekusamehe. Nilikuwa naogopa kupiga simu. Andika ingine haraka kabla ya mtihani.
Asante Mungu kwa kila herufi, hata zile zinanishinda.
Chai iko tayari. Cucu amelala kidogo pale kitini. Nimefungua ukurasa safi.
Cucu wako anakusalimia.