Begi la Kwenda Ujerumani

Darsait, Maskati

Dada Afra,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mama na moyo wake.

Mambo ya Ujerumani uliyonirikodia nimeyasikiliza mara tatu na bado yananichanganya. Tikiti ya treni nikishainunua niigonge tena muhuri kwenye mashine? Ya nini, na nishalipa? Na kama Jumapili maduka yote yamefungwa, tutakula nini mpaka uje toka huko mjini kwako Jumatatu? Mie kuuliza watu naona haya, unanijua.

Jana nilikuwa nampangia mama begi. Chini kabisa nikakuta sanda yake, ile aliyoirowesha maji ya Zamzam alipokwenda hija. Nikamuuliza, "Mama, hii ya nini?"

Akanambia, "Nikifa kwenye huo upasuaji wa moyo utainunua wapi, na wewe hata njia huwezi kuuliza?" Akacheka. Mie sikucheka.

Tukapima begi, limezidi kilo mbili. Nikageuka kidogo tu, mama kashatoa koti zito ulilomletea, sanda kaiacha. Sijui nimlazimishe? Sanda ni yake, mkono wangu hauendi kuitoa. Lakini nikinyamaza, si kama nimekubali kuwa harudi?

Basi koti lake nitalivaa mimi, tangu hapa mlangoni, na joto hili la Oktoba. Uwanja wa ndege wataniangalia wee. Waniangalie tu. Siku akitoka hospitali atahitaji kitu cha kuvaa.

Muombee.

Mdogo wako,
Khattab