Mkono Wangu na Kapi la Fundi Twalibu

Jumanne, 2 Machi 1954
Plasta imetolewa leo. Mkono umetoka mwembamba, umepauka kama muhogo uliomenywa. Kiwiko hakinyooki! Mkono hauvuki bega. Dresa wa hospitali kasema nisipoufanyisha mazoezi kila siku utabaki hivyo hivyo. Yote haya kwa sababu ya kumkwepa mbuzi kwenye utelezi wa barabara ya Ipuli, nikaanguka na baiskeli. Mbuzi hakuumia.

Nimempelekea habari mwalimu mkuu, Bibi Apolinaria. Pole nyingi. Kisha kanikumbusha: Inspekta wa shule anakuja mwisho wa mwezi, na mimi ndiye mwalimu wa mazoezi ya viungo. Nisipoweza kuinua mkono, darasa atalichukua Flavia. Flavia yuko kwenye majaribio ya ualimu bado, hana hata miezi minne kazini!

Alhamisi, 4 Machi
Jana tumepakwa majivu. Leo nimeingia sokoni kutafuta chombo cha kunyoosha mkono — Kwaresima imeanza kwa kununua. Nassibu, muuza vitu vya mitumba, ana springi za kuvuta kwa mikono miwili. Za Ulaya, anasema. Imara, wajukuu zangu watazirithi. Sina hata mume, nikamwambia. Kasema springi hizo zitasaidia na hilo.

Nimenunua.

Jumamosi, 6 Machi
Springi imekatika! Mvuto wa tisa. Kipande kimeruka na kutoboa mtungi wa mama. Maji mpaka uvunguni.

Nimemrudishia Nassibu. Kageuzageuza vipande kwa huzuni, kama anatazama maiti. "Mwalimu, chombo hakina kosa. Wewe ndiye una nguvu kupita kiasi." Tangu nianguke, ni yeye peke yake aliyeusifu mkono huu. Pesa hakurudisha. Kanipa springi nyingine, fupi zaidi.

Jumatatu, 8 Machi
Baada ya shule nimekwenda kwa Fundi Twalibu, mhunzi. Shikamoo, marahaba. Sikuulizwa nataka kununua nini. Kauliza, "Mkono unataka ufanye nini?"
"Uandike juu ya ubao. Uinuke mbele ya watoto."
Kaushika kiwiko, kakikunja taratibu, kakiachia. Kaingia ndani, karudi na kapi la chuma, gurudumu lake la kupitishia kamba limesuguliwa likang'aa. Lilikuwa la kisima kilichokauka.
"Hili halina ujanja, mwanangu. Kamba ikichakaa, badili kamba. Grisi kidogo kila mwezi, basi."
Bei yake nusu ya springi! Nimeona haya kumwambia.

Amekuja mwenyewe kulifunga kwenye boriti ya ukumbini kwetu. Kamba ya katani, na ndoo ya mchanga upande wa pili. Navuta, ndoo inapanda. Naachia, kamba inauvuta mkono juu. Nimelia machozi. Hakuna aliyeniona ila mama, naye kasema ni moshi.

Jumapili, 14 Machi
Kapi si langu tena. Mama kamwaga mchanga, katia maharage — huko juu panya hawafiki. Jirani yetu Mwanamkuu kaona, kaleta gunia lake la karanga. Sasa ni "Pelagia, shusha!" na "Pelagia, pandisha!" tangu alfajiri. Mama anataka kikombe kimoja. Mwanamkuu anataka kuhakikisha karanga zake zipo. Leo nimehesabu mara thelathini na nane, na ni siku ya Bwana.

Mkono umefika sikioni.

Ijumaa, 19 Machi
Nimemsikia Flavia nyuma ya darasa akiwahesabia watoto wangu. Moja, mbili, mikono juu! Sauti nzuri, mgongo umenyooka. Aliponiona akaduwaa. "Dada Pelagia, nimeambiwa nijiandae. Nikatae?"
Nimemwambia ajiandae. Nimemsahihisha hata mkao wa miguu. Njia nzima mpaka kwetu Cheyo nimejiona mtakatifu. Nilipofika nyumbani nimevuta kamba kwa hasira hadi karanga zikamwagika.

Jumanne, 30 Machi
Naandika stoo, mapumziko.

Inspekta kauliza nani mwalimu wa mazoezi. Bibi Apolinaria katutazama sote wawili. Flavia alikuwa na filimbi shingoni. Akaivua, akanivisha mimi. Sikumwomba.

Nikasimama mbele ya watoto arobaini. Mikono juu! Wa kushoto ukapanda mpaka mbinguni. Wa kulia ukafika juu ya sikio, ukakwama. Na watoto wale — nimewafundisha mwenyewe, fuateni mwalimu! — wote arobaini wakainua kushoto kumenyooka, kulia kumekunjwa sikioni. Mstari mmoja. Hakuna aliyecheka. Nikahesabu hadi nane, wakashusha pamoja.

Inspekta akatoa daftari. Kaandika muda mrefu. Akamwambia Bibi Apolinaria hajapata kuona zoezi la namna hii, wala nidhamu hii. Anataka nifike ofisini baada ya kengele, nimweleze linaitwaje na linafaa nini, alipeleke shule nyingine.

Bibi Apolinaria kapita hapa sasa hivi. Kanitengeneza kola tu.

Kengele! Flavia yuko mlangoni, ananong'ona, niseme zoezi ni la Ulaya. Namwambia nitasema kweli. Anauliza, ipi? Nami bado sija—