Swali Lililosomwa Upya

Jumamosi, 8 Machi
Tumerekodi vipindi vitano vya chemsha bongo kwa siku moja! Mtangazaji kabadili tai mara tano ili watazamaji wadhani ni wiki tano. Mimi ni mhariri, kazi yangu kuunganisha vipande, ila leo niliitwa chumba cha mitambo kusaidia sauti. Kipindi cha tatu, nachungulia kwenye skrini — mwalimu wa sayansi wa binti yangu! Roho ikanidunda kama vile nashindana mimi. Aliongoza hadi swali la mwisho. Mtangazaji, hoi kwa uchovu, akasoma: sayari iliyo karibu zaidi na jua? Mwalimu: Utaridi. Ikalia kengele ya kukosa! Akasema, mbona — Bosi akamkatiza, twende, muda unakwisha. Kombe akapewa mpinzani wake.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Kadi ya swali iliandikwa "mbali zaidi". Mtangazaji ndiye aliyeisoma vibaya. Nikamwambia Bosi, mwalimu alipata! Akasema mshindi keshapiga picha na mdhamini, tusijitafutie makubwa. Kama sitaki, mlango uko wazi. Mtangazaji kaitwa, kavaa ile tai ya tatu, kasoma swali upya. Safari hii sawasawa. Nikalibandika mbele ya jibu la mwalimu. "Mbona" nikaikata. Bosi akataka na kicheko. Nikachukua cha asubuhi ya Jumamosi, watu walipokuwa wanachekeshwa na mchangamshaji kabla hatujaanza kurekodi. Hakuna hata mmoja aliyemcheka mwalimu. Kicheko nimekiweka mimi. Najichukia.

Ijumaa, 28 Machi
Kimerushwa. Binti kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha: Mama, hata mimi najua ni Neptuni, mwalimu hajui? Nikamwambia akalale. Saa moja jioni!

Jumatatu, 31 Machi
Shule nzima wanamwita Mwalimu Utaridi. Hata wa darasa la kwanza. Binti naye kaja anaimba. Nimemfokea. Akaniuliza kosa lake nini.

Jumatano, 2 Aprili
Mwalimu kanipigia. Si kunilaumu — laiti ingekuwa hivyo! Sauti ya chini, ya aibu. Mama, wewe uko kule, hebu nisaidie, kwani yule bwana alisema "mbali"? Maana mimi nilisikia "karibu", naapa. Nikamjibu sikuwepo. Muongo mimi!

Akasema keshapimwa masikio, ni mazima. Basi labda ni kichwa. Marehemu mama yake naye alianza hivihivi, akasikia visivyosemwa, mwisho akawa hawatambui wanawe. Anaona heri aache kufundisha kabla hajawapotosha watoto wa watu. Kesho asubuhi anakwenda kumwambia mwalimu mkuu. Akanishukuru. Mimi! Akauliza na kikohozi cha binti kama kimepungua.

Binti yuko sebuleni anajiandaa na mtihani, anasoma kwa sauti. Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi... Ananiita nikamsikilize kama kapatia. Nimemwambia nakuja.