Kura ya Shule ya Mwanaidi

Jumatatu, 12 Mei

Langoni mapema. Mvua imekatika, njia bado imelowa. Nimefungua kigoda changu mahali pangu, kati ya nguzo ya taa na yule bibi wa mkoba mwekundu. Hapa Guangzhou, mji wa Wachina, watoto wa shule ya msingi huchukuliwa na mababu na mabibi, maana wazazi wako kazini. Kila mzee ana kigoda chake cha kukunja na ana mahali pake. Ukichelewa, jirani hukuwekea mkoba wake pasikaliwe. Sheria hiyo haijaandikwa popote na sijaona ikivunjwa.

Bibi wa mkoba mwekundu ana mjukuu wa darasa la pili. Hajui neno langu hata moja. Mimi ya kwake najua ya sokoni tu: laoban, bosi, tai gui, ghali mno, meiyou, hakuna. Mwaka wa pili huu tunakaa bega kwa bega. Katika mji wote huu hakuna mtu mzima ninayekaa naye zaidi yake. Inasikitisha nikiiandika.

Mwanaidi katoka wa mwisho, kamba za viatu zimefunguka. "Babu, leo umevaa kofia mbovu." Kofia ni ileile ya jana. Amenipigia soga njia nzima. Nyumbani ni yeye tu anayezungumza nami kwa kirefu. Baba yake, mwanangu Hamadi, huenda asubuhi kwenye ofisi yake ya mizigo jengo la Tianxiu, akirudi amechoka hata kusema.

Alhamisi, 15 Mei

Niyapange mambo niyaone.

Mwanaidi anamaliza darasa la sita mwezi wa saba. Nchi hii kila mtoto ana haki ya sekondari ya chini, na kwa hilo nawasifu. Lakini haki yenyewe imefungwa pale mtoto alipoandikishwa. Mwanaidi kaandikishwa kwa mama yake, na mkamwana wangu Lan ni mtu wa Hunan, jimbo la kaskazini yetu. Mtoto kazaliwa hapa, anataniana na wauza mboga kwa Kikantoni, lakini kwenye karatasi ni mgeni. Wageni hupimwa kwa pointi: nyumba, bima, kodi, kisomo cha mzazi. Bima ya Lan ilikatika duka lake lilipofungwa. Pointi hazikutosha.

Zimebaki njia tatu. Shule binafsi ya hapa mjini, ambayo waombaji wakizidi nafasi kompyuta hupiga kura ya bahati. Au Hunan, kwa bibi yake mzaa mama, ambako nafasi yake ipo. Au Tanga, kwangu.

Visa yangu inaisha Oktoba. Nyumba yangu ya Tanga ina vyumba vitatu na haina mtu tangu mke wangu afariki. Nataka Mwanaidi aje Tanga. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema.

Jumapili, 18 Mei

Hamadi amekataa kumwandikisha shule binafsi. Anasema kura ni kamari na mtoto wake hamchezi kamari. Maombi yanafungwa keshokutwa.

Lan akatua sahani kwa kishindo, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa mumewe. "Baba, huyu ananunua jinzi robota zima kule viwandani Xintang bila kufungua. Ile siyo kamari?"

"Ile biashara," Hamadi akasema.

Nimecheka peke yangu.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza kulinifaa, maana maombi yakifungwa inabaki Hunan na Tanga. Nimenyamaza mpaka chai. Kisha ualimu wangu wa zamani ukanishinda. Nikamweleza: kwenye kamari unaweka chako ili ule cha mwenzio. Kura ni kugawa kisichotosha baina ya wenye haki sawa. Nikamkumbusha kisa tulichosomeshwa chuo cha Kurani, cha wazee walioshindania kumlea binti wakatupa kalamu zao mtoni, na ambaye kalamu yake haikuchukuliwa na maji ndiye aliyemlea. Walikuwa watu wema, nikamwambia. Ila sharti lake ni moja: haki ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, kupiga kura ni uvivu wa kufikiri.

Mwanaidi alikuwa akisikiliza, kijiko mdomoni. "Kalamu gani, Babu? Za wino?"

"Za unyasi."

"Basi zote zingeelea."

Jumanne, 20 Mei

Ameandikishwa. Hamadi kabonyeza mwenyewe, kwa bismillahi.

Zamani, naambiwa, shule hizi binafsi zilichagua kwa mitihani yao na kwa kujuana. Niliwahi kuwa ofisa elimu, najua kujuana kunavyobisha hodi jioni na kapu la mayai. Kompyuta haili mayai. Kwa hiyo kura ni bora. Lakini wenye pointi za kutosha hawahitaji kura hii, wao nafasi yao ipo. Kura yetu inafanya usawa baina ya waliobaki nje. Ni usawa, ila umeanza katikati ya njia.

Jumatano, 11 Juni

Joto. Bibi wa mkoba mwekundu kamuuliza Mwanaidi atakwenda shule gani. Mwanaidi kanitafsiria: "Anasema nikienda Hunan nitakula pilipili mpaka nilie. Anasema wewe utalia bila pilipili."

Nikamwambia amjibu kuwa wazee wa Tanga hawalii. Bibi akanipepea kwa pepeo lake, mara mbili tatu, kama anayefukuza nzi.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya kura. Lan kamvalisha Mwanaidi soksi nyekundu, rangi ya bahati kwao. Hamadi kasoma Yasini. Kila mtu na lake.

Mwanaidi akaniuliza, "Babu, umeniombea?" Nikasema nimekuombea kheri. Si uongo. Si jibu pia. Dua ya kwamba ashinde sijaiomba.

Majibu yakaja kwenye simu ya Lan. Akatazama. Akatazama tena. "Meiyou," akasema, hakuna, kama muuzaji aliyeulizwa saizi ya shati.

Nilifurahi. Muda mfupi, lakini nilifurahi. Mwanaidi akaingia bafuni akafungulia maji tusimsikie.

Alhamisi, 10 Julai

Siku hizi zote wamegombana kwa sauti ndogo. Hamadi anataka Tanga, Lan anataka Hunan. Leo wameniita sebuleni.

"Baba, wewe ndiye mwalimu," Hamadi akasema. "Ukisema wewe, yamekwisha."

Lan kanimenyea matunda ya lichi bakuli zima, hakula hata moja.

Hapo Mwanaidi akaingia na ndoo ya kupigia deki, maji nusu, na kalamu mbili. Moja kaifunga uzi mwekundu, moja wa kijani. "Hii nyekundu ya Bibi wa Hunan. Hii ya kijani ya Babu. Tutupe."

Moyo wangu ulikwenda kwenye ile ndoo. Nusu kwa nusu, na hakuna ambaye angenilaumu.

Kisha nikafanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kupima mtoto na shule. Insha zake za Kichina husomwa mbele ya darasa. Kiingereza chake ni cha salamu, na kwetu kidato cha kwanza kinafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili chake ni cha jikoni. Tanga wangemrudisha nyuma akae na watoto wadogo kwake, amezidi urefu, achekwe. Hunan anaingia Septemba na wenzake, anajua kila herufi ubaoni. Bibi yake bado analima. Mimi nina miaka sabini na moja na goti bovu. Haki hazikuwa sawa, na ningejua hivyo hata kalamu yangu ingeshinda.

"Rudisha ndoo," nikamwambia. "Hapa si pa kura. Uende Hunan."

"Ulisema watu wema walitupa."

"Nilisema na sharti lake."

"Hunitaki, Babu?"

Mimi, ninayeeleza kila kitu, nikachukua ndoo nikaenda kumwaga maji.

Ijumaa, 11 Julai

Mwanaidi hajazungumza nami. Shule zimefungwa, hakuna lango la kwenda. Lan kaniletea chai ya tangawizi chumbani. Kasema "Baba", basi, akatoka.

Jumanne, 26 Agosti

Stesheni ya kusini. Bibi wa Hunan amekuja kumchukua mwenyewe. Mwanamke mfupi, viganja vigumu kama vya baharia. Kanipa mfuko wa pilipili kavu na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikuweza.

Kwenye kizuizi cha tiketi Mwanaidi akarudi mbio. Akanitia kalamu mfukoni, ile ya uzi wa kijani. "Haikuingia majini," akasema. "Kwa hiyo haijashindwa."

Kamba za viatu zilikuwa zimefunguka. Nikainama kumfungia. Goti likakataa, Lan akaninyanyua.

Jumatatu, 1 Septemba

Shule zimefunguliwa. Nimemuaga Lan kuwa nakwenda kununua mkate.

Mahali pangu, kati ya nguzo na bibi, palikuwa na mkoba mwekundu chini. Akauondoa bila kunitazama. Sikuwa na kigoda. Akararua kipande cha boksi, akanitandikia.

Nimekaa. Kanimenyea balungi, tumekula. Mjukuu wake katoka, wa darasa la tatu sasa, wakaondoka. Nimebaki mpaka mlinzi alipofunga lango.

Mkate nimesahau.

Kesho nichukue kigoda.