Mguu Niliorudisha Nyuma

Mzee Wandera,

Ni mimi Etyang, wa gereji. Naandika polepole, si unajua shule yangu iliishia wapi. Ningekuja kaburini nikuambie kwa mdomo, lakini masikio yako nayajua. Wengine hawakujua. Ni mimi na wewe tu.

Tangu tukuzike huko Marachi, kile kiti chako hakuna mtu amekalia. Ile bisibisi yako ndefu ndiyo natumia sasa. Naweka ncha kwa injini, mpini kwa sikio, na kabla sijasikia injini nasikia wewe ukikohoa. Halafu mguu wangu wa kushoto unatafuta kiatu chako. Unabonyeza. Chini ni mchanga tu.

Unakumbuka vile tulianza? Masikio yalikuwa yanaisha na hukutaka madereva wa Busia wajue. Ukaniambia, "Wewe huongei, lakini unasikia. Ongea na mguu." Mara moja ni valvu. Mara mbili ni beringi za konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni. Mara tatu ni zile kubwa za kranki, chuma kile kinazunguka chini. Wewe unainama na bisibisi, unafunga macho, mimi nimesimama karibu kama nimekushikia spana, nakukanyaga kidogo. Unainuka, unataja ugonjwa. Watu wanasema, eh, huyu mzee ni daktari! Na wewe unanikonyeza. Furaha kama hiyo sijapata ingine, Mzee.

Sasa ile siku ya pickup ya Mama Nekesa, ya kubeba samaki. Taa ya oil ilikuwa inawaka injini ikipata moto. Ulinifundisha mwenyewe: "Gari baridi inadanganya. Ingoje ichemke." Tukangoja. Ikachemka. Ukaweka bisibisi. Mimi hata bila bisibisi niliisikia, ko, ko, ko, huko chini, na dereva akikanyaga mafuta inazidi. Ilikuwa ya mara mbili. Kabisa.

Lakini huyo dereva, Barasa, alikuwa anatuangalia miguu. Akasema mbele ya watu wote, "Huyu bubu wako anacheza densi?" Wakacheka. Nikaona aibu. Nikarudisha mguu nyuma.

Uliningoja. Nilikiona kiatu chako kikingoja. Halafu ukasema, "Ni swichi ya taa ya oil tu." Tukabadilisha swichi, tukaongeza oil nzito, taa ikazima, Barasa akaenda na samaki Malaba.

Hakufika. Konrodi ilikatika ikatoboa ukuta wa injini, oil yote ikamwagika barabarani, samaki wakaozea juani. Mama Nekesa akaja akakupigia kelele gereji yote ikisikia: "Mzee, umekuwa kiziwi?" Ukainama ukafuta bisibisi yako. Hata mimi hukuniangalia. Ni jioni tukinawa mikono na petroli ndio uliniuliza, "Uliisikia?"

Nikakataa na kichwa.

Toka hiyo siku hukugusa injini tena. Ulikuwa unaziba pancha tu, mpaka kifua kikakulaza, na mvua haijaisha ukaenda. Kwa matanga walisema mzee alikuwa fundi sana, ila mwisho kazi ilimshinda. Nilikuwa hapo nyuma nimebeba viti.

Na bado unaniuliza. Nikifunga bolti, nikila, kanisani watu wakiimba. Uliisikia?

Juzi Barasa alirudi na pickup ile ile, injini ingine, taa ile ile inawaka. "Bubu, leo unasikia nini?" Nikaingoja ichemke. Nikatoa waya ya plagi ya pili, kugonga kukapungua, nikajua ugonjwa uko hapo. Nikainuka, Mzee, nikasema kwa sauti, "Beringi ya konrodi imeisha. Hii gari haiendi mahali." Akanishangaa. "Kumbe hii kitu inaongea!" Tukafungua sampu, lile beseni la oil chini ya injini. Oil ilikuwa inameta unga wa chuma, na beringi imelika mpaka shaba inaonekana.

Mama Nekesa alikuja kuona. Nikamwambia yote: mguu, masikio yako, aibu yangu. Akasema, "Mimi injini nilinunua ingine. Huyo mzee wa watu nilimtukana bure. Sasa unaniambia mimi ya nini, kijana? Mwambie yeye."

Ndio nakwambia. Niliisikia. Ulikuwa sawa kuniamini, ni mimi sikukuambia. Na ulijua nimeisikia, eh? Nafikiri ulijua. Ungenitaja tu siku ile, wangenigeukia mimi. Hukunitaja.

Kitu nitasikia kwa injini, nitasema na mdomo, hata soko yote ya Busia ikinicheka. Hiyo nimekuahidi. Na wakiuliza nani alinifundisha kusikia, nitasema ni wewe, na sitadanganya.

Jumamosi nakuja Marachi. Sitaongea, usijisumbue kusikiliza. Nitasimama hapo karibu na wewe, kama zamani, nikanyage udongo mara mbili.

Pumzika, Mzee.

Etyang