Skrubu za Brina

Podrob, Jumatano, 31 Januari

Mdogo wangu mpenzi Milojka,

Habari za huko pwani, Izola? Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na shemeji Danilo, na kwamba mgongo wake umetulia sasa zeituni zimekwisha kuvunwa na hana ngazi ya kupanda. Sisi huku hatujambo kabisa. Mafuta yenu yalifika, na chupa ya kwanza tumeshaimaliza, maana mwanao Brina anayamwaga juu ya kila kitu, hata supu. Theluji imefika kimo cha dirisha la jikoni. Soseji za nguruwe wetu zimekauka vizuri mwaka huu, na fungu lenu liko ndani ya kifurushi hiki.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ungenikatia. Jumapili ulinikatia mara mbili nilipotaja tu fomu ya mashindano ya Brina. Barua haikatiki, na wewe nakujua, huwezi kuacha maandishi katikati. Tangu utoto ulikuwa unasoma hata karatasi za kufungia jibini. Basi mimina kahawa, keti, umsikilize dada yako.

Nianze na lile litakalokuudhi: leo nimempeleka Brina mlimani. Sijasahau masharti uliyonipa Septemba ulipomleta aanze shule huku. Ale, asome, alale, na theluji aitazame kupitia kioo. Lakini Desemba shule iliwapeleka wanafunzi wote kuteleza kwa skii wiki nzima, hilo ulikubali kwa sababu ni lazima, na huko ndiko kocha Ožbej alikomwona. Tangu siku hiyo hanipi nafasi hata ya kununua mkate. Kila tukikutana ananiuliza fomu iko wapi. Mashindano ya vijana ni Jumapili ya tarehe kumi na moja, fomu inatakiwa Ijumaa kabla yake, na bila saini ya mama hakuna mjadala. Wewe umekataa kwa sababu ileile ya siku zote: damu yako ina wazimu wa kasi, wazimu huo ulikuvunja mguu, na hutaki umvunje na mwanao. Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi.

Asubuhi bomba la kupashia joto lilipasuka shuleni, watoto wakarudishwa nyumbani. Mimi Jumatano saluni huwa sifungui. Nikamtazama Brina, naye akanitazama, na kabla sijamaliza kusema neno alikuwa ameshavaa suruali ya theluji.

Ludvik ndiye anayeendesha lifti ya kuvuta watu mlimani siku hizi, yule mwenzako wa darasani mwenye nywele nyekundu, ambaye sasa hana hata unywele mmoja. Katikati ya wiki hawashi mota mpaka watimie watu wanane. Tulikuwa saba: sisi wawili, wastaafu wanne wa kundi la Jumatano, na mwalimu wa hesabu wa Brina, aliyeona haya kidogo kukutwa pale. Tukabaki tunapigapiga miguu chini kwa baridi. Nikamwambia Ludvik awashe, tusije tukageuka masanamu. Akasema sheria ni sheria, hata kwa warembo. Mzee Tonca, mmoja wa wale wastaafu, akamuuliza kama mama yake, anayeuza chai kibandani, anahesabika kuwa mtu au ni fanicha. Bibi Cilka mwenyewe akatoa kichwa dirishani, na miaka yake themanini na mitatu, akafoka: “Nihesabuni mimi! Mlima huu nimeuteleza wewe Ludvik hujajua hata kujifuta kamasi. Ukinibishia nashuka nao sasa hivi na sinia la chai!” Ludvik akawasha.

Kabla ya kupanda nilipiga goti nikakagua skrubu za skii za Brina, zile zinazoamua skii ishike buti kwa nguvu gani kabla ya kuliachia ukianguka. Nilikagua za mbele, nikakagua za nyuma, nikarudia. Natumia bisibisi ile ndogo ya Baba yenye mpini mwekundu. Brina akasema, “Mama Mkubwa, hiyo ni mara ya nne. Unatafuta nini humo?” Nikamwambia natafuta adabu yake.

Lakini unaikumbuka ile lifti yetu, tunayoiita nanga: watu wawili, chuma kimoja nyuma ya mapaja, dakika saba mpaka juu, na huna pa kukimbilia. Tulipofika katikati ya misonobari akaniuliza tena, safari hii bila mzaha. Akataka kujua kwa nini kila mama yake anaposema kuwa kasi ndiyo iliyomvunja, mimi hukumbuka nina kazi chumba kingine. Sikujua kama ana macho makali hivyo. Nikamjibu. Nilichomjibu nitakuandikia hapa chini. Kwanza nataka umwone akiteleza.

Milojka, mtoto huyu hana pupa. Anaanza taratibu, anausoma mteremko, halafu anajiachia. Pale kwenye kona ya jiwe, mahali ambapo mimi hupunguza mwendo na wastaafu husimama kabisa wakijifanya wanaangalia mandhari, yeye alikunja goti akapita kana kwamba anavuka jikoni kwangu. Bega la kushoto analishusha kidogo, kama wewe. Ludvik alizima redio yake ili amtazame. Akasema bega lile hajaliona tangu mwaka themanini na sita, akauliza habari zako. Brina alishuka mara kumi na moja. Alianguka mara moja tu, skii zote mbili zikafunguka zenyewe kama inavyotakiwa, akabaki amekaa kwenye theluji anacheka. Mimi ndiye niliyelia. Mzee Tonca alidhani ni upepo.

Sasa sikiliza nilichomwambia.

Mwaka ule, Jumatano kabla ya mashindano yako, wewe ulikuwa mjini kwa daktari wa meno, nami nilichukua skii zako bila ruhusa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kilo kumi na mbili kukuzidi, kwa hiyo kila nikikata kona zilifunguka na kuniangusha mbele ya wavulana. Nikachukua bisibisi ya Baba nikakaza skrubu zote hadi namba saba. Yako ilikuwa nne na nusu. Nilikusudia kuzirudisha siku hiyohiyo. Kesho yake tukachinja nguruwe, tukashinda siku mbili na matumbo na chumvi, nikasahau. Nilisahau kabisa, naapa. Jumapili ulipoanguka kwenye nguzo za mlango wa nane wa mashindano, skii ilikataa kuachia, na mguu ndio ulioachia.

Kusahau peke yake ningekuwa nimeshakuambia zamani. Lakini walipokuteremsha kwa machela, mimi ndiye niliyebeba skii zako kwenda nyumbani. Niliingia bandani, nikalegeza skrubu hadi nne na nusu, nikaziegemeza ukutani. Baba aliporudi kutoka hospitali alikwenda kuzikagua hata kabla ya kuvua koti. Akakuta kila kitu sawa. Ndipo aliposema lile neno ulilolibeba mpaka leo, kwamba skii hazina kosa, kosa ni la kichwa chako, na hutapanda tena. Nilikuwa karibu naye nimeshika ndoo. Sikufungua mdomo. Sikusema siku ile, sikusema ulipohamia pwani kuikimbia theluji, sikusema tulipomzika Baba. Nilikuacha uamini kwa miaka thelathini na minane kwamba una wazimu, mpaka unaendesha gari kwa gia ya pili na malori yanakupigia honi, na mimi nikiwa mezani nacheka pamoja na wengine. Nilimwogopa Baba, kisha nikakuogopa wewe. Naona aibu, Milojka, na ninajuta sana. Nipigie simu unitukane. Safari hii hakuna atakayekata.

Tulipotoka kwenye nanga kule juu, Brina akasema, “Utamwandikia leo, au nimpigie mimi kutoka hapahapa?” Nikamjibu nitaandika. Akasema vizuri, lakini kwanza nishuke naye polepole, kwa sababu uso wangu umebadilika rangi. Ana moyo mzuri mwanao.

Fomu nimeiweka humu. Ukitaka kukataa, kataa, mama ni wewe. Ila usikatae kwa ajili ya kasi yako. Kasi yako haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika mlima huu, na mimi ndiye niliyeizima.

Chini ya soseji utakuta bisibisi ya Baba. Mimi siigusi tena. Ukisaini, usiitume fomu kwa posta. Ilete wewe mwenyewe pamoja na hiyo bisibisi, uendeshe kwa gia uitakayo, na asubuhi ya mashindano upige goti kwenye theluji umkazie mtoto wako skrubu kwa mkono wako.

Nisalimie sana shemeji Danilo, umwambie mafuta yake ni matamu na tunasubiri mengine. Ludvik anakusalimu. Bibi Cilka anasema chai yako ataitia ramu bila kupima. Brina anakubusu, yuko mlangoni kwangu, anahakikisha kuwa kweli ninaandika.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Jelka

Karibu nisahau, na kusahau kwangu unakujua sasa: namba ya Brina ni nne na nusu.