Vigingi vya Kilomita 61

Jumatatu, 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako limepunguza kelele. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inachemka. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa kama kawaida, maana kwenye simu najua utasema "haya, haya" kisha unakata.

Baba, nimejiingiza matatani. Kazi yangu unaijua: nakaa mbele ya skrini kumi na mbili, natazama barabara kuu nzima, na pakiwa na ajali au ukungu naandika tangazo kwenye zile mbao za taa za barabarani. Alhamisi iliyopita mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema nikiwa mdogo, kwamba lile tuta la udongo lililobeba barabara pale kilomita 61 linavumilia mvua siku mbili, ya tatu linaanza kusogea. Nikafunga barabara hapo kwa saa nne. Malori yalipanga foleni mpaka darajani. Nimetukanwa kwenye simu mpaka nimejifunza matusi mapya.

Na tuta halikuanguka. Hata kokoto moja haikutikisika.

Meneja wetu anapimwa kwa dakika. Kila dakika barabara inapofungwa inaingia kwenye ripoti yake, na wakubwa wake wanamwuliza. Sasa ameniletea barua ya kuomba radhi, ameshaiandika mwenyewe, mimi nitie sahihi tu: kwamba niliogopa bure, na sitafunga tena bila ruhusa yake. Nisipotia sahihi naitwa kamati ya nidhamu.

Nimekataa, angalau kwa leo. Unasemaje?

Mwanao

Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti bado linalalamika lakini tumezoeana. Mama yako anasema umekonda, sijui amekuona wapi.

Ubao mmoja wa taa zenu wameusimika hapa kilomita 60, nikikaa nje ya nyumba nausoma wote, mistari mitatu. Hauna adabu ule. PUNGUZA MWENDO. WASHA TAA. Hakuna hujambo, hakuna habari za safari! Mimi miaka thelathini nikiwa msimamizi wa kikosi cha barabara nimesimamisha magari kwa bendera nyekundu, lakini dereva akifika, namsalimia kwanza ndipo namwambia asubiri.

Sasa nisikilize. Tia sahihi. Ni karatasi tu, haiumi. Tuta halikuanguka, basi wamekushinda, na kazi kama yako haiokotwi njiani. Barabara ina wenyewe, sisi ni wa kuifagia tu.

Na mambo ya kilomita 61 yaache yalivyo.

Baba yako

Jumapili, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Nimeisoma barua yako mara mbili, nikadhani dereva wa maziwa kaniletea ya mtu mwingine.

Sisi wa kuifagia tu? Wewe uliyemrudisha mkuu wa wilaya na msafara wake kwa sababu lami ilikuwa haijakauka? Halikuanguka ndiyo, na nilifunga nikiomba lisianguke. Kama barabara inafungwa baada ya watu kufa, kazi hiyo hata mbuzi anaiweza.

Naomba kitu kimoja. Ulikuwa na vigingi vyeupe umevipigilia kwenye lile tuta, mstari mmoja ulionyooka. Kila asubuhi ukipima vimesogea vidole vingapi, unaandika kwenye daftari. Nilikuwa nakushikia kamba, unakumbuka? Kamera yetu ya kilomita 61 inaonyesha lami juu, haioni tuta chini. Humu ofisini sijakuta mtu anayejua kama linasogea au limelala. Niletee daftari lile nilipeleke kwenye kamati, waone ninachokisema kina mizizi.

Mpe mama salamu. Sijakonda.

Mwanao

Alhamisi, 21 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Daftari limeliwa na panya. Usiniulize tena.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako

Jumamosi, 23 Machi

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa panya. Ni panya wa aina gani huyo anayefungua sanduku la bati lenye kufuli?

Nimempigia mama. Anasema kila mwaka mvua zikianza unalitoa, unasoma ukurasa mmoja, unalirudisha, na siku hiyo chakula hakikupiti kooni. Hajui kilichoandikwa. Anasema hajawahi kuthubutu kuuliza.

Mimi nauliza. Ulinisimamisha katikati ya barabara nina miaka kumi na minne, bendera mkononi, lori linateremka, ukaniambia, "Ukirudi nyuma hatua moja, hatasimama." Sikurudi. Leo nimesimama hivyo hivyo, nageuka kukutazama, sikuoni!

Kamati inakaa tarehe 3 Aprili. Nikishindwa, barabara ile haitafungwa tena mpaka siku itakapoondoka na watu. Nitakwenda na daftari au bila daftari. Lakini usiniambie tena habari za panya.

Mwanao

Jumamosi, 30 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi siwezi kusema ni mzima, lakini nimepumua.

Daftari hili hapa, nimelifunga kwa nailoni mbili lisilowe maziwa. Fungua ukurasa wenye kona iliyokunjwa. Nakueleza mwenyewe kabla hujausoma.

Ilikuwa mwaka ulipoanza shule. Mvua siku ya tatu, nikaenda kupima. Vigingi vimetoka kwenye mstari, vidole vinne. Na wakaguzi wanakuja kesho yake. Unanijua nilivyokuwa, hata jiwe la kilomita nilikuwa nalipaka rangi mara mbili lisionekane na doa. Nilitaka waikute barabara yangu imenyooka. Nikaving'oa vyote, nikavipigilia upya, safi, kama uzi. Wakaguzi wakapima, wakasema tuta limetulia. Nikasifiwa mbele ya kikosi kizima.

Siku mbili baadaye Fundi Greda, mwendesha greda wa kikosi changu, alikuwa anasawazisha ukingo pale pale. Ukingo ukaondoka naye, yeye na greda lake.

Wakubwa wakaandika kwamba alikuwa amelewa, alipita karibu mno. Mtu yule hata soda alikuwa anaimaliza kwa shida. Mimi nilijua, nikaandika ukweli kwenye daftari, nikalifungia, nikaenda kubeba jeneza. Miaka ishirini na miwili namsalimia mjane wake kila asubuhi kana kwamba hakuna neno kati yetu. Ndiyo maana nilikwambia utie sahihi. Sikuogopa kazi yako, niliogopa ukurasa huu. Nisamehe kwa hilo.

Jana nilikwenda kwake. Nilimwambia yote nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Akasema, "Wanangu wamekua wakiitwa watoto wa mlevi." Kisha akafunga mlango. Ana haki.

Sasa wewe usitie sahihi. Ukurasa huo usome mbele ya kamati neno kwa neno, na jina langu ulitaje. Ukiuruka kwa kunihurumia, usinikanyagie hapa. Na leo asubuhi nimepigilia vigingi vipya kumi. Goti limenitukana sana.

Baba yako

Alhamisi, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo nyingine, ya pili hii si ya mazoea.

Niliusoma. Nilipofika "nikavipigilia upya" nikanywa maji, nikaendelea. Meneja akasema hilo ni daftari la kale, tuta lilishatengenezwa. Nikamwuliza, "Tangu litengenezwe limepimwa lini?" Akaanza kupekua karatasi zake. Alipekua muda mrefu. Mhandisi aliyekaa pembeni ndiye aliyesema, taratibu, kwamba halijawahi kupimwa.

Nikuambie tulichopata. Kamati itaandika barua rasmi kwamba Fundi Greda hakuwa mlevi wala hakukosea. Nakala itakwenda kwa mjane wake, na nimewaambia nitawasumbua kila wiki mpaka iende. Upimaji wa tuta, wamesema, "utapangwa mwakani". Mimi nabaki kwenye kiti changu na mbao zangu za taa, naruhusiwa kutangaza ukungu na ajali. Kufunga barabara ni mpaka meneja atie sahihi. Nikifunga mwenyewe tena, siku hiyo hiyo nakabidhi kitambulisho.

Barua ya radhi nimeiacha mezani kwake, nyeupe vile vile pale penye sahihi.

Nimekukasirikia, baba. Umemwacha yule mama miaka yote hiyo. Na ninajivunia kuwa mtoto wako. Yote mawili yapo, na leo sijui lipi limezidi.

Mwanao

Jumatano, 17 Aprili, saa nne asubuhi
(ujumbe wa simu)

Mwanangu hujambo. Hii simu ni ya mama yako, herufi ndogo kama chawa, nivumilie. Mvua siku ya tatu. Vigingi nimepima saa kumi na mbili, vidole viwili. Nimepima saa tatu, vidole vinne. Nimepiga ofisini kwenu nikaambiwa meneja yuko kwenye mkutano, acha ujumbe. Nimeuacha. Halafu nimesukuma mapipa mawili katikati ya barabara, nimevaa koti langu la kazi, bendera ninayo. Upande wa pili wa tuta kasimama mjane wa Fundi Greda na kitambaa chekundu. Sikumwita. Kaja mwenyewe na hajanisalimia, lakini hata basi halimpiti. Madereva wanapiga honi, mmoja kaniita mzee mwehu, nikamwambia habari za safari. Askari watakuja kunitoa. Waje, sirudi nyuma hatua moja. Wewe usijiharibie kazi kwa ajili yangu, nakwambia ili ujue tu. Baba

Jumatano, 17 Aprili, saa nne na dakika sita
(ubao wa kilomita 60, mistari yote mitatu)

SHIKAMOO BABA
KM 61 NIMEIFUNGA
GEUZENI MAGARI